Picha Sabini na Saba

Jumamosi, 1 Septemba 2007

Wiki moja! Leo natimiza wiki moja ya kuitwa mke wa Isihaka, na bado nikisikia neno "mke" nageuka kutazama nani anaitwa. Daftari hili amenipa yeye. Amesema mwanamke aliyemaliza kidato cha nne asiache mkono wake ulale. Nikambusu mkono palepale dukani, akaingia mteja, tukacheka kama wehu.

Duka letu liko nyuma ya soko la Nachingwea. Tunachapa barua, tunatoa fotokopi, tunapiga picha za pasipoti. Kompyuta ni moja, na printa moja ya wino mweusi tu. Siku ya kwanza nilipoketi, mashine iliniuliza neno la siri. Nikamtazama. Akasema, "Andika jina lako. Herufi ndogo zote." Nikaandika shakila, ikafunguka. Kumbe tangu mwaka jana, kabla hata hajaja kwetu Nkowe kuposa, mashine yake ilikuwa inafunguka kwa jina langu! Nani mwingine Nachingwea nzima amependwa hivi?

Jumanne, 4 Septemba

Leo nimeijua dini ya pili ya mume wangu. (Nasema kwa utani, Mungu anisamehe.) Kila mwenye kompyuta hapa mjini anatumia Windows ya kukopi, CD iliyopita mikono ishirini. Yeye anatumia Ubuntu. CD yake aliletewa bure kwa posta kutoka Ulaya, ikachukua wiki tisa, na bahasha ameibandika ukutani kama cheti. Ya kuandikia ni OpenOffice, na ameweka ile ya Kiswahili, basi juu pameandikwa Faili, Hariri, hata mimi sikupotea. Ya kukatia picha za pasipoti ni GIMP, ambayo ina vitufe vingi kama matundu ya kichujio na mimi bado nakosea kila siku. Ninayoipenda ni VLC. Inacheza CD yoyote, hata iliyogomewa na deki.

"Na zote bure?" nikamuuliza.

"Bure ni kitu kidogo. Ni huru. Mtu yeyote anaweza kufungua akaona ndani zilivyotengenezwa. Hakuna kilichofichwa, Shaki. Ukiona kitu kimefichwa, ujue kuna mtu anaumizwa."

Alivyosema hivyo macho yake yaling'aa. Ana macho meupe pe, kama ya mtoto.

Jumatatu, 10 Septemba

Mwalimu Bonifasi wa sekondari alileta mtihani wa kidato cha pili. Alipoona kioo cha kompyuta akaguna. "Isihaka, hii rangi ya udongo mpaka lini? Mimi nimekuja kuchapa mtihani, sikuja kufyatua matofali."

"Mwalimu, flash yako ina virusi kumi na viwili. Hapa vimelala tu, haviwezi kitu. Ungekwenda kule kwenye Windows ungelia."

"Kule jedwali langu halihami! Juzi umenitolea maswali, swali la nne limeingia ndani ya la tano. Watoto wakajibu yote mawili kwa pamoja."

Nilicheka mpaka nikaegemea fotokopi. Kazi ilipoisha mwalimu akataka mtihani ufutwe usibaki hata harufu yake. Isihaka akanifundisha. Akasema kufuta kwa kawaida ni kama kung'oa kibao cha jina mlangoni. Nyumba bado ipo na watu wamo ndani. Ukitaka kitu kiondoke kweli unaandika sifuri juu yake, sifuri tupu, mwanzo mpaka mwisho. Ni mstari mmoja wa amri, na herufi ya mwisho ndiyo inayosema unafuta flash au unafuta mashine. Alinishika kidole tukabonyeza pamoja. "Sasa Nachingwea tuko wawili tunaojua hii," akasema.

Jumatano, 12 Septemba

Upepo wa moto. Kesho Ramadhani. Ya kwanza nikiwa mke!

Jumapili, 23 Septemba

Siku ya kulia. Kaimu, yule mpiga picha wa harusi yetu, alikuja baada ya adhuhuri, kofia mkononi. Kadi ya kamera yake imeharibika, picha za harusi yetu zote zimepotea kabla hajazisafisha. Alipiga mia moja na kumi. Hata moja haipo. "Dada, nipige kofi," ananiambia. Nilitaka kumpiga kweli.

Isihaka akachukua ile kadi, akaitazama, akasema tu, "Iache hapa."

Jumatatu, 24 Septemba

Amezifufua! Mume wangu amezifufua! Ana programu inaitwa PhotoRec. Haina uzuri wowote, ni maandishi meupe kwenye weusi, hata kipanya haitumii. Inapita kwenye kadi kipande kwa kipande, inaokota kila kilichowahi kuwa picha. Majina haijui, inaandika f na tarakimu nyingi. Nikajiona mimi, hina mpaka kwenye viwiko. Nikamwona baba analia akidhani hakuna anayemwona. Nyingine zimerudi nusu, chini kijivu kitupu. Sijali! Nilimrukia shingoni na funga yangu, Mungu anisamehe tena.

Tumechapa moja papo hapo, mimi na yeye kwenye mkeka. Nyeusi na nyeupe, lakini nimeipenda hivyo hivyo. Nimeibandika chumbani.

Jambo moja dogo. Mwishoni programu iliandika kwamba imepata faili mia na themanini na saba. Nikatoa mia na kumi kichwani, zikabaki sabini na saba. "Hizi nyingine za nani?"

"Takataka za zamani," akasema. "Kaimu anakodisha kamera kwa kila mtu." Akafunga dirisha haraka.

Jumamosi, 29 Septemba

Futari ya mihogo na nazi. Isihaka kachelewa dukani, kala imeshapoa.

Alhamisi, 4 Oktoba

Macho ya Isihaka yamekuwa mekundu. Anasema ni kioo. Nimemwambia mashine haikuanza jana. Akacheka, lakini hakunitazama.

Jumamosi, 13 Oktoba

Idi! Tumekwenda Nkowe kwa baiskeli mbili, mashamba yote yananuka mabibo ya mikorosho yaliyoanguka, nzi kibao. Mama kanipikia kuku peke yangu kama mgeni. Macho ya Isihaka yanatoa machozi kwa vumbi, wajomba wanamtania kwamba ndoa imemliza mapema.

Jumanne, 23 Oktoba

Mama mkubwa Mwamina amekuja kutoka Nkowe kutafuta dawa ya goti. Ni dada mkubwa wa mama. Ndiye nyakanga, mkuu wa unyago wa kwetu, na ndiye aliyenifunda mimi. Mtu akiniuliza nani aliniambia mwanamke ni nini, jibu ni yeye, ndani ya ule ua wa unyago, mvua ya Julai isiyo ya kawaida ikitupiga. Yaliyosemwa mle sijawahi kuyaandika popote, na humu pia siyaandiki.

Nilimwandalia uji nyuma ya duka. Kiswahili chake anakikata kata, anachanganya na Kimwera, lakini leo nilimwelewa kila neno.

"Yule Shamimu wa Dar," akaanza. Ni binamu yangu, alikuja kwa unyago wa mdogo wake mwezi wa nane. "Kaleta kamera ndani ya ua. Kakodi kwa Kaimu. Nimemkuta anapiga. Wasichana bado hawajaingia, shukuru Mungu. Kapiga ngoma, kapiga vinyago vya udongo, kanipiga mimi na unga wangu usoni."

"Ukafanyaje, mama mkubwa?"

"Nimekaa naye chini. Nimemwambia futa, moja moja, mimi naona. Kafuta zote. Kamera kweupe."

Kijiko kilinitoka mkononi.

"Nini wewe?"

"Uji wa moto, mama mkubwa."

Aliokota kijiko, akanirudishia. Akasema, kama anayesema bei ya ufuta, kwamba mwanamume akiyaona yale, macho yake yanakauka polepole kama taa inayoishiwa mafuta. Na mwanamke aliyemfungulia mlango, tumbo lake linafungwa.

Mbele, kwenye duka, nilimsikia Isihaka anasugua macho na kupiga chafya.

Jumatano, 24 Oktoba

Alipokwenda posta nilifungua mashine. Kando ya folda ya harusi, folda ya pili: zile sabini na saba. Ngoma. Vile vitu vya udongo vilivyopangwa chini kwa mstari, ambavyo kila kimoja kina wimbo wake. Mama mkubwa na unga kwenye paji la uso, mdomo wazi, anaimba. Wasichana hawamo, kama alivyosema. Kadi ile ile, kisha harusi yangu ikapigwa juu yake.

Nilitaka kuamini kwamba mume wangu aliziona mara moja akaziacha. Lakini mashine haidanganyi kwa kuwa haijui kudanganya. Juu kuna orodha ya vilivyofunguliwa karibuni. Picha iliyofunguliwa jana. Ya juzi. Ya Ijumaa. Za harusi hakuna hata moja.

Alhamisi, 25 Oktoba

Zahanati wamesema ni macho mekundu ya kawaida, yanaambukiza. Wamempa matone. Lakini nalala naye mto mmoja, na mimi siumwi.

Ijumaa, 2 Novemba

Joto. Umeme hakuna siku ya tatu.

Jumatano, 7 Novemba

Siku zangu zimepitiliza wiki mbili. Sijamwambia mtu. Nimefurahi, kisha nikakumbuka neno la mama mkubwa, nikaketi kwenye ndoo jikoni mpaka maharage yakaungua.

Jumapili, 11 Novemba

Nimemuuliza. Nilitia sukari nyingi kwenye chai yake kwanza, kama mjinga.

"Zile sabini na saba, umeziona?"

Hakuficha. Isihaka hafichi, ndiyo sifa yake na ndiyo inayonitisha. "Nimeziona. Shaki, ni hazina! Ile mistari ya vinyago, mpangilio wake, hakuna kitabu chochote chenye kitu kile."

"Haviko kwenye kitabu kwa sababu havitakiwi kuwa kwenye kitabu."

"Nani kasema?"

"Sisi."

Akanishika mikono. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuposea. Akaniambia kuna kamusi elezo ya Kiswahili kwenye mtandao, ambayo kila mtu anaandika na kila mtu anasoma bure, na kuhusu unyago wa huku kwetu hamna hata mistari mitatu. Yuko mwenzake wa Dar wanaandikiana, amemwambia picha kama zile zinatakiwa sana. Tarehe moja Desemba anakwenda Mtwara kuchukua wino wa printa, na huko mtandao una kasi. Atazipandisha zote. "Mama mkubwa akifa kesho vinakwenda naye kaburini. Mimi navihifadhi. Vitakuwa huru."

"Uso wake umo, Isihaka. Umemuuliza?"

"Bibi kama yule utamweleza mtandao ukamwelewesha?"

"Mimi je? Mimi nina kidato cha nne. Mimi umeniuliza?"

Alicheka, akanibusu kwenye paji la uso, mahali pale pale unga unapopakwa. "Wewe uko upande wangu," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza busu lake kunitia baridi.

Jumatatu, 12 Novemba

Hatukuzungumza jambo hilo. Alininunulia kanga.

Jumamosi, 17 Novemba

Mwalimu Bonifasi kaja na barua. Siku hizi anaisifu OpenOffice kwa sababu inageuza barua kuwa PDF bila kuomba chochote, na jedwali halitembei tena. "Mumeo amenibatiza," kaniambia. "Lakini mwambie apumzike. Macho yake yanatisha wateja."

Jumanne, 20 Novemba

Nimekwenda Nkowe peke yangu. Nilidhani nitamwambia mama mkubwa kila kitu. Nikamkuta anapanga korosho juani, goti limefungwa kitambaa, akanipa kigoda.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba?"

Nikainama kumsaidia. Akaendelea kupanga korosho. Baadaye akasema, "Wewe nilikufunda, sikukufunga. Yule anayefunga anaogopa. Mimi nimekupa kitu mkononi, saa yake ilipofika. Na wewe utampa mwingine, saa yake ikifika. Ndiyo hivyo tu. Hakuna kingine ndani ya ua."

Nikamuuliza, kwa mbali, kama yale ya macho na tumbo ni kweli.

"Wewe unaonaje?" akasema.

Nilirudi na kilo mbili za mihogo na sikumwambia. Njia nzima wingu jeusi lilikuwa upande wa Nambilanje, linanguruma, halinyeshi. Nilijiuliza kama naogopa laana, au naogopa kitu cha wazi zaidi: kwamba mwanamume aliyeniambia kitu kikifichwa kuna mtu anaumizwa hajui kwamba kuna mtu anaumizwa pia kikifunuliwa. Na mtu huyo ni mimi, na alinitazama usoni asinione.

Jumatatu, 26 Novemba

Wingu lile lile.

Alhamisi, 29 Novemba

Amezinakili kwenye flash. Nilimwona. Ameiweka kwenye mfuko wa shati la safari, akafunga na kifungo. Nguo zake nimezipiga pasi mimi.

Nilimwambia mara ya mwisho, sawasawa, bila chai wala sukari. "Usiende nazo. Nakuomba kama mkeo."

"Shaki, utanishukuru."

"Nakuomba kama mtu aliyekuwa mle ndani."

Aliinua uso darini. Nikadhani ameelewa. Kumbe alikuwa anatia matone machoni. Akasema huku kainamisha kichwa nyuma, machozi ya dawa yakimshuka, "Usiku mwema, mke wangu."

Ijumaa, 30 Novemba

Alikwenda msikitini na kanzu, shati la safari likabaki msumarini, flash mfukoni. Duka hufungwa Ijumaa saa sita na nusu mpaka saa nane. Nilifunga mlango kwa ndani.

Flash kwanza. Niliandika ule mstari kama alivyonifundisha. Kwenye herufi ya mwisho nikasimama, nikaisoma mara tatu kwa kidole. Nikabonyeza. Taa ya flash ikaanza kupepesa. Dakika nne. Sifuri tupu. Nikairudisha mfukoni, nikafunga kifungo.

Kisha mashine. Picha anaziweka kwenye sehemu anayoiita ghala, pamoja na muziki. Ningeweza kufuta folda ya pili tu. Lakini kufuta ni kung'oa kibao cha jina, na mume wangu ndiye anayejua kuokota kila kilichowahi kuwa picha. Ilibidi ghala lote liandikwe sifuri. Na picha za harusi yangu zilikuwa humo humo.

Nilizifungua mara ya mwisho. Baba analia. Mimi na hina mpaka kwenye viwiko. Moja moja, kama Shamimu na kamera yake.

Saa saba na robo nikabonyeza. Hii haikuwa dakika nne. Saa saba na nusu radi ikapiga upande wa uwanja wa ndege, umeme ukakatika, betri ya akiba ikaanza kulia pii, pii, pii. Niliomba betri ile kama ninavyomwomba Mungu. Mvua ikaanguka juu ya bati kwa ghafla, ya kwanza msimu huu, sikusikia tena mlio wala miguu ya watu nje. Amri ilipomalizika, mashine ilikaa dakika moja ikazimika yenyewe.

Kadi ya Kaimu ilikuwa kwenye droo. Niliitia kwenye jiko la mkaa. Ikajikunja, ikatoa moshi mweusi wenye harufu mbaya.

Isihaka akarudi amelowa, anacheka kwa ajili ya mvua. Umeme haukurudi mpaka jioni, na jioni alikuwa anafunga begi. Mara ya kwanza maishani nimeushukuru umeme kwa kukatika.

Jumamosi, 1 Desemba

Ameondoka na gari la Masasi alfajiri. Kanibusu. Mvua.

Jumapili, 2 Desemba

Alipiga simu saa nne. Kelele za watu nyuma yake. "Shaki! Flash imegoma, haionyeshi kitu. Usijali, ninayo PhotoRec kwenye CD. Zitarudi tu." Kacheka kile kicheko chake kitamu nilichokipenda.

Alipiga tena saa sita. Hakuwa anacheka.

"Ni sifuri," akasema. "Mwanzo mpaka mwisho. Flash ikiharibika haiwi hivyo."

Nikasikia anavuta pumzi. Nachingwea tuko wawili tunaojua.

"Shakila," akasema. Hajawahi kuniita jina zima tangu aliponiposa. Simu ikakatika, au aliikata.

Jumatatu, 3 Desemba

Amerudi saa kumi na wino wa printa. Nilimwandalia maji ya kuoga na wali wa nazi. Macho yake yamepona, meupe pe kama zamani, na nilitamani yangekuwa bado mekundu ili niwe na la kumuuliza.

Nilisema, "Ni mimi." Akasema, "Najua." Nikasema, "Na za harusi pia." Akatazama ile moja iliyo ukutani, akaketi kula. Alikula yote. Alisema asante.

Nilitaka kumwambia la mtoto. Nitamwambia kesho.

Jumanne, 4 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Isihaka amekwenda Ruangwa kikazi, kaniachia funguo mezani bila kuniamsha. Saa tatu Mwalimu Bonifasi kaja na mtihani wake wa kufunga muhula, maji yanamchuruzika. Nikamkaribisha kiti, nikawasha mashine, ikaniuliza neno la siri kama kila siku.

Nikaandika shakila.

Ikakataa. Nikadhani nimekosea, nikaandika polepole, herufi ndogo zote. Ikakataa.

"Vipi, mama?" mwalimu akauliza. "Si mumeo anasema hii ndiyo mashine huru, isiyofungwa?"